Mti wa Shimba Hills uliomo ndani ya dripu ya saratani ya matiti: tuzungumze ukweli kuhusu dawa za mimea

BintiShimba (mleta uzi)

Wanajamvi, habari za jioni.

Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo nauleta kwa sababu wiki hii tumepokea akina mama wawili, kila mmoja na siku yake, titi limeshapasuka linatoa maji, na wote wawili wana chupa ya majani ya kuchemsha mkobani. Mimi ni mfamasia, kazi yangu ya kila siku ni kuchanganya dawa za kemo. Nimezaliwa Kwale, chini ya vilima vya Shimba, kwa watu ambao mti ni dawa tangu mtoto anapozaliwa. Kwa hiyo msitegemee nikuje hapa kuwaambia mitishamba ni upuuzi. Nataka niwaambie jambo ambalo wengi hawalijui: dawa kadhaa tunazowatundikia wagonjwa wa saratani ya matiti zimetoka mitini. Na mmoja wa miti hiyo ulivunwa kwetu.

Nianze na huo wa kwetu.

Mwaka 1972 mkemia wa Marekani, S. Morris Kupchan, na wenzake walitangaza kemikali mpya waliyoipata kwenye mti wa jamii ya Maytenus uliochumwa Ethiopia. Wakaiita maitansini. Ilikuwa kali ajabu, lakini kwenye mti wenyewe imo kidogo mno. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ikatafuta mti wa ukoo huo wenye kiasi kikubwa zaidi, ikaupata Shimba Hills. Jina lake la kitaalamu ni Maytenus buchananii. Katika miaka hiyo ya 1970 zikavunwa zaidi ya tani 27 kutoka msitu ule, na waliorudi baada ya miaka michache wakakuta machipukizi ya kuhesabu. Wadigo walikuwa wakiujua mti ule na kuutumia kwa maradhi ya uvimbe tangu zamani. Hakuna aliyewaomba ruhusa wala aliyewataja.

Dawa ikaingia kwenye majaribio ya binadamu, ikashindwa. Wagonjwa walitapika, wakaharisha, neva zikaathirika, na uvimbe wa wengi haukupungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikawekwa kando.

Hapa naomba msome polepole. Ile kemikali haikushindwa kwa udhaifu. Ilishindwa kwa sababu ilikuwa na nguvu kupita kiasi na haikujua kuchagua. Iliua seli ya saratani na seli ya utumbo sawasawa. Ikakaa hivyo miaka, mpaka watafiti walipochukua kemikali ya ukoo wake, inaitwa DM1, wakaifunga kwenye kingamwili iitwayo trastuzumabu. Kingamwili hii inazijua seli za saratani zenye HER2 nyingi, HER2 ikiwa ni kipokezi kilicho juu ya ngozi ya seli. Inasafiri kwenye damu, inamshika mhusika, inamezwa pamoja na mzigo wake, na mzigo unafunguliwa humo ndani. Kila kingamwili hubeba kwa wastani molekuli 3.5 za ile sumu.

Marekani waliiidhinisha Februari 2013, kwa jina la biashara Kadcyla. Kwenye jaribio lililoitwa EMILIA, kwa akina mama ambao saratani yao ya HER2 ilikuwa imesambaa, nusu ya waliopata dawa hii waliishi zaidi ya miezi 30.9, wakati kwa waliopata matibabu ya kawaida ilikuwa miezi 25.1. Baadaye jaribio la KATHERINE likawaangalia wale ambao baada ya kemo na upasuaji bado kulikutwa mabaki ya saratani. Hatari ya ugonjwa kurudi au kuua ilipungua kwa nusu ukilinganisha na trastuzumabu peke yake.

Sasa kipimo. Mama wa kilo 60 hupewa miligramu 216 za dawa hiyo kila wiki tatu, na ndani yake ile sehemu ya ukoo wa mti wetu haifiki hata miligramu 4. Nne! Ukiimwaga kiganjani huenda usiione. Kila nikiona jagi la lita tano la mizizi nafikiria namba hiyo.

Karibuni tuchangie. Nitajibu kila swali ninaloliweza.

Mzee wa Pangani

Binti, ahsante sana kwa somo. Ila mimi naomba unisaidie. Umekiri mwenyewe mti una dawa. Wazee wetu walikuwa wanauchemsha na watu wanapona. Kwa nini basi mtu asiunywe moja kwa moja, mpaka asubiri Mzungu aufunge kwenye chupa?

BintiShimba

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo swali lenyewe, na sitalijibu kwa mkato.

Mti haukutengeneza kemikali zile kwa ajili yetu. Zinaulinda dhidi ya wadudu na wanyama, yaani ni sumu. Sumu inakuwa dawa pale tu unapojua kiasi gani kimeingia mwilini. Mzizi uliochimbwa masika na uliochimbwa kiangazi si sawa. Mti wa kilimani na wa bondeni si sawa. Aliyechemsha nusu saa na aliyechemsha saa tatu wamepata vitu viwili tofauti. Na kemikali nyingi za aina hii haziyeyuki kwenye maji, kwa hiyo unaweza kuchemsha hadi sufuria iungue na dawa ikabaki kwenye maganda unayoyatupa.

Nikupe mfano wa dawa ninayoishika karibu kila siku, paklitakseli. Agosti 1962 mtaalamu wa mimea Arthur Barclay aliokota magome ya mti uitwao Taxus brevifolia katika jimbo la Washington, Marekani. Monroe Wall na Mansukh Wani wakafanya kazi mpaka 1971 ndipo wakachapisha umbo la kemikali iliyomo. Ilifika 1979 ndipo mama mmoja mwanasayansi wa New York, Susan Horwitz, akaeleza inavyofanya kazi. Ikaidhinishwa kwa saratani ya ovari 1992, na ya matiti 1994. Miaka 32 kutoka gome hadi titi.

Na inavyofanya kazi ni hivi. Seli ikitaka kugawanyika inajenga nyuzi ndani yake za kuvuta vinasaba upande huu na upande ule. Chukulia jukwaa la miti la mafundi wa nyumba: lisimikwe kwanza, kisha livuliwe, ndipo nyumba iishe. Paklitakseli inalikaza jukwaa lisivulike. Seli inakwama katikati ya kugawanyika, inakufa. Maitansini ya kwetu inafanya kinyume chake, inazuia jukwaa lisisimame kabisa. Njia mbili, mwisho mmoja.

Mti mmoja wa Taxus wa miaka mia, ukiuvua magome yote ukafa, ulikuwa unatoa takribani dozi moja tu. Mfaransa Pierre Potier na wenzake wakagundua kwamba majani ya binamu yake wa Ulaya, Taxus baccata, yana kemikali ya karibu sana ambayo maabara inaweza kuimalizia. Majani huota tena. Humo ndimo ilimotoka na dositakseli, ambayo wengi wenu mtaiona imeandikwa kwenye kadi za wagonjwa wenu.

Kijana_wa_Tandika

Sister uko vizuri, lakini kuna kitu hamtuambii. Makampuni ya madawa yanajua mstafeli unaua kansa mara elfu kumi kuliko kemo, yanaficha kwa sababu mti hauuziki. Hii ipo WhatsApp miaka yote na hakuna aliyekanusha.

BintiShimba

Ndugu yangu, nakanusha mimi hapa, kwa heshima.

Ile "mara elfu kumi" ina asili yake. Miaka ya 1990 wanakemia walitoa kemikali moja kwenye mbegu za mstafeli wakaimwagia seli za saratani ya utumbo mpana ndani ya sahani ya maabara, wakailinganisha na dawa ya kemo inayoitwa Adriamycin. Ndani ya sahani ilikuwa kali mara elfu kumi. Hakukuwa na mgonjwa pale, hakukuwa na titi, hakukuwa na ini wala figo wala damu. Hata jiki ukiimwaga kwenye sahani ile seli zinakufa. Kazi ngumu ni kuua seli ya saratani na kumwacha mama mzima.

Mstafeli una kemikali iitwayo anonasini, inayobana mitambo ya nishati ndani ya seli. Kule kisiwa cha Guadeloupe, madaktari waliona mwaka 1999 wagonjwa wengi wa kutetemeka na kukakamaa mwili wasiofanana na Parkinson (ugonjwa wa ubongo) ya kawaida, na wengi walikuwa watumiaji wa tunda na chai ya majani ya mimea ya jamii hii. Tunda lake kula, ni tamu, mwenyewe nalipenda. Ninachokuomba usimwambie mgonjwa anywe jagi la majani yake kila siku miezi sita akiacha kliniki.

Na kuhusu kuficha: kampuni iliyouza paklitakseli ilipata pesa nyingi mno, na dawa yenyewe ni gome la mti. Wangekuta mstafeli unatibu wangekuwa wameshaupanda Tanga yote.

MamaWawili

Mimi nilichomwa paklitakseli mara kumi na mbili, kila wiki. Sasa naelewa kwa nini manesi walikuwa wananiangalia vile dakika za mwanzo. Lakini dada, vidole vyangu mpaka leo vina ganzi. Nilikuwa nasuka ukili, siku hizi siuhisi. Ni ile sumu ya mti?

BintiShimba

Pole sana dada yangu, na hongera kwa kumaliza zote kumi na mbili. Ndiyo, ni ile ile. Neva zetu nazo zina nyuzi kama zile za jukwaa, ndizo barabara za kupeleka chakula mpaka ncha ya kidole. Dawa ikizikaza, vidole vinakufa ganzi. Kwa wengi hupungua taratibu kwa miezi, kwa wengine hubaki. Mwambie daktari wako kwa maneno hayo hayo uliyoyaandika, kwamba ukili huuhisi. Usiseme tu "nina ganzi kidogo". Na jikoni jihadhari na sufuria za moto, wengi wanaungua bila kujua.

Kuhusu zile dakika za mwanzo, nikueleze kitu. Paklitakseli haikubali maji. Ili iingie kwenye mshipa, inayeyushwa kwenye kimiminika kilichotengenezwa kwa mafuta ya nyonyo, yaani mbarika hii hii inayoota nyuma ya nyumba. Nikiivuta kwenye sindano inakuja taratibu, nzito kama asali nyembamba, na nikiitikisa inatoa povu, hivyo inabidi niipinduepindue kichupa kwa upole. Hairuhusiwi kukaa kwenye mfuko wa plastiki wa kawaida kwa sababu kimiminika hicho kinakamua kemikali za plastiki. Tunatumia chupa ya kioo au mfuko maalumu, na mrija wenye kichujio. Baadhi ya watu mwili unakikataa: uso unakuwa mwekundu, kifua kinabana, presha inashuka. Ndiyo maana mlipewa dawa za kuzuia mzio kwanza, na ndiyo maana nesi hakuondoka ubavuni mwako.

(Jamani, mbegu za mbarika zenyewe ni sumu kali. Asije mtu akasaga.)

Fundi Saidi

Huku kwetu kuna kile kiua cha waridi chenye petali tano, kinaota kwenye kokoto na makaburini, hakifi hata kwa jua. Nimesikia nacho ni dawa ya kansa. Kweli?

BintiShimba

Kweli, fundi. Ni Catharanthus roseus, asili yake Madagaska. Na kisa chake kinanigusa. Jamaika watu walikuwa wakinywa chai ya majani yake kwa kisukari. Mwaka 1952 majani yakatumwa Kanada. Robert Noble na Charles Beer wakawapa panya, sukari haikushuka, lakini chembe nyeupe za damu zikaanguka vibaya, panya wakafa kwa maambukizi. Badala ya kutupa majani wakajiuliza: kama kinaangusha chembe nyeupe, si kinaweza kuzuia saratani ya damu? Mwaka 1958 wakatangaza vinblastini. Ndugu yake vinkristini imeokoa watoto wengi wenye saratani ya damu. Kwa matiti tunatumia mjukuu wao, vinorelbini, kwa saratani iliyosambaa.

Lakini angalia wale panya walikufa na nini. Ukichemsha majani yale ukampa mgonjwa ambaye kemo imeshamshusha kinga, unampeleka walikokwenda panya.

Upo pia mti wa China, Camptotheca acuminata, ambao ukoo wake umeingia kwenye dawa ya kufungwa kwenye kingamwili iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa saratani ya matiti isiyo na vipokezi vyote vitatu, yaani viwili vya homoni na HER2. Hiyo ndiyo aina inayotusumbua sana, inawapata zaidi wanawake vijana na weusi.

Nuru_Moshi

Mimi sijaribu kubishana, naomba msaada tu. Mama anakunywa vidonge vya tamoksifeni, vile vya kuzuia homoni isilishe saratani ya matiti, mwaka wa pili. Asubuhi anakunywa manjano na pilipili manga na maji moto, alisikia redioni. Kuna shida?

BintiShimba

Nuru, umefanya vizuri kuuliza. Manjano kwenye mchuzi, pilau, mchicha wa nazi, aendelee kwa raha zake. Shida ni dozi kubwa kila siku, hasa ikichanganywa na pilipili manga, maana pilipili manga ndiyo inayofungua mlango kemikali ya manjano iingie kwa wingi. Watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walilipima jambo hilo kwa wagonjwa wanaotumia tamoksifeni wakachapisha 2019: kiwango cha ile dawa yenyewe inayofanya kazi mwilini kilishuka, na kilishuka zaidi pilipili manga ilipoongezwa. Kushuka hakukuwa kukubwa sana, lakini mama yako anameza kile kidonge kwa miaka mitano au zaidi, kwa nini apunguziwe? Aache kikombe, abaki na mchuzi. Juisi ya balungi nayo aiulizie kliniki, inaingilia namna ini linavyovunja dawa nyingi.

Mzee wa Pangani

Binti, nimekuelewa. Lakini roho inaniuma kuhusu hizo tani 27. Hiyo dawa mama wa Kwale anaipata?

BintiShimba

Mzee wangu, wengi ninaowahudumia hawaimudu. Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Mti uliondoka kwetu kwa malori, umerudi kwenye kichupa ambacho binti wa msitu ule ule hawezi kukilipia. DM1 yenyewe haitokani na mti, inaanzia kwa bakteria wanaofugwa kwenye matangi, kwa hiyo msitu haukatwi. Lakini deni liko palepale. Mkataba wa Rio wa 1992 na Itifaki ya Nagoya ya 2010 inasema wenye mmea na wenye maarifa lazima waombwe na wagawiwe faida. Imekuja baada ya miti yetu kwisha kuvunwa. Ningependa tuidai kwa sauti, serikali zetu zote za ukanda huu, kwa mti utakaofuata. Angalau trastuzumabu yenyewe, isiyo na mzigo, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015, na zimekuja za kampuni nyingine za bei nafuu kidogo. Paklitakseli na dositakseli nazo zimo.

Na kwa sababu umeniuliza kuhusu Kwale, niseme hili ambalo sikutaka kulisema. Shangazi yangu alikuwa na kijivimbe kama punje ya korosho, hakimuumi. Kwa sababu hakimuumi akakiacha. Akapewa mizizi, akanywa miezi minane. Aliponionyesha, ngozi ya titi ilikuwa imeshakuwa kama ganda la chungwa na kwapani kuna tezi ngumu. Mimi ndiye niliyemchanganyia paklitakseli yake. Mkono ulitetemeka. Dawa ile ile ya mti, kwenye titi la miezi minane nyuma, ingekuwa na kazi nyepesi. Tulimzika mwaka jana.

Kijana_wa_Tandika

Pole sana sister. Sikujua. Nimefuta ile meseji kwenye magrupu yangu mawili, nimeweka uzi huu badala yake.

Nina swali la kweli sasa. Mama mdogo wangu ana uvimbe kwenye titi, hospitali walimkata kinyama kupima, majibu yametoka, anatakiwa kuanza kemo Jumanne. Lakini najua kuna vitu anakunywa na anaogopa kuwaambia madaktari kwa sababu safari moja nesi alimfokea mbele za watu. Afanyeje?

BintiShimba

Ahsante ndugu yangu, umenifuta chozi.

Yule nesi alikosea, na nakuomba radhi kwa niaba ya sisi sote tunaovaa koti jeupe. Mgonjwa akifokewa mara moja hatasema tena, na asiposema tunamchanganyia dawa gizani.

Mwambie mama mdogo hivi: asitupe chochote. Kila anachokunywa, majani, unga, mizizi, hata mafuta ya kujipaka, atie kwenye mfuko mmoja aende nao Jumanne. Aombe kuongea na mfamasia faragha, si dirishani. Aseme alianza lini, anakunywa kikombe cha ukubwa gani, mara ya mwisho lini. Wampime damu, ini na figo kabla ya dripu. Hiyo hufanyika hata hivyo, lakini wakijua alichokunywa watajua pa kuangalia. Kama ini halijakaa sawa, dozi inarekebishwa au anasubiri siku chache. Na aache hivyo vitu kuanzia leo, asingoje Jumanne. Waulizeni pia kama kinyama kilipimwa HER2 na vipokezi vya homoni, maana hapo ndipo dawa inapochaguliwa.

Wewe mwenyewe unaweza kwenda naye?

Kijana_wa_Tandika

Naenda naye. Nimempigia sasa hivi. Mwanzo alikataa kwamba hakuna kitu, halafu akanyamaza, akasema kuna kidumu cha njano chini ya kitanda na unga kwenye kopo la maziwa. Nimemwambia asimwage. Kasema atavifunga kwenye kanga.